Kuchagua na Kupanga Mimea Mijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa karibu kila wiki na wenye nyumba, wasimamizi wa majengo, walimu wanaotaka kivuli uwanjani na mafundi waliokabidhiwa kazi ya "kuweka miti" siku mbili kabla ya uzinduzi. Mengine nimeyajibu kwa ufupi. Mengine nimeyachimba, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama mti utaishi miaka mitano au hamsini.

Kuna mti nimeupenda sana. Nianze na mti au nianze na mahali?

Anza na mahali. Simama pale asubuhi, urudi saa sita mchana, urudi tena jioni. Angalia jua linapita wapi na ukuta jirani unatupa kivuli saa ngapi. Inua macho: kuna nyaya za umeme? Tazama chini: kuna mfuniko wa maji taka, bomba, waya wa simu uliofukiwa? Watu wanakatiza wapi? Ukiona njia iliyochongwa na miguu katikati ya nyasi, usipande chochote juu yake, maana watu hawataacha kupita.

Kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: mti huu ukikomaa utakuwa na urefu gani, na matawi yake yatatanuka kiasi gani? Kitaluni miche yote iko sawa, inafika magotini. Mkuyu na mstafeli ukiviweka kwenye viriba viwili huoni tofauti ya maana. Miaka ishirini baadaye mmoja umefunika nyumba tatu. Mimi huchora duara chini kwa chokaa au kamba, ukubwa wa matawi ya mti mzima, halafu namwita mwenye eneo asimame katikati. Mara nyingi duara hilo linaingia sebuleni kwa jirani, na hapo hatubishani tena.

Nitajuaje kama udongo wangu unafaa?

Chimba shimo la kina cha sentimita 30. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na upime. Maji yakishuka sentimita mbili au tatu kwa saa, uko salama kwa mimea mingi. Yakikaa mpaka kesho yake, hapo pana udongo ulioshindiliwa au tabaka la mfinyanzi, na mmea wa kawaida utakufa kwa kukosa hewa mizizini huku majani yakinyauka kana kwamba una kiu. Watu huona majani yamelegea, wakaongeza maji, wakaumaliza.

Unapochimba, angalia pia kinachotoka. Mijini udongo wa juu mara nyingi uliondolewa wakati wa ujenzi na kilichorudishwa ni kifusi: vipande vya tofali, saruji, misumari. Saruji huongeza chokaa na kupunguza tindikali ya udongo, na mimea inayopenda udongo wenye tindikali huanza kuwa na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani. Huwezi kubadilisha hilo kwa kiganja cha mbolea. Chagua mmea unaovumilia chokaa, au ondoa kifusi chote na ulete udongo.

Mti mmoja unahitaji udongo kiasi gani?

Hapa ndipo miti mingi ya mjini inapouawa, tena kwenye karatasi, kabla hata mche haujanunuliwa. Mchoro unaonyesha duara zuri la kijani kando ya barabara, na chini yake kuna shimo la mita moja kwa mita moja lililozungukwa na zege.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kwa kila mita ya mraba ya kivuli unachotarajia mti utupe, uwe na takriban mita za ujazo 0.3 hadi 0.6 za udongo ambao mizizi inaweza kuupenya. Chukua mti wenye mwavuli wa mita 8 toka upande hadi upande. Kivuli chake ni kama mita za mraba 50. Kwa kiwango cha juu, unahitaji mita za ujazo 30 za udongo. Linganisha na lile shimo la mita moja ya ujazo. Mti ule hautafika ukubwa uliochorwa. Utakua vizuri miaka michache, utasimama, utaanza kukauka vilele, na watu watasema aina hiyo ya mti haifai mjini.

Wengi hufikiri mizizi huteremka chini kama kioo cha matawi yaliyo juu. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya miti iko kwenye sentimita 60 za juu, ile midogo inayonyonya maji iko juu zaidi ya hapo, na hutambaa mbali kupita ncha za matawi, hata mara mbili au tatu ya upana wa mwavuli. Kwa hiyo shimo refu kama kisima halisaidii. Kinachosaidia ni upana.

Pasipo na nafasi, kuna mbinu. Unganisha mashimo ya miti kadhaa yawe mtaro mmoja mrefu wa udongo, ili miti igawane. Au weka chini ya njia ya waenda kwa miguu mawe makubwa yaliyovunjwa, katikati yake udongo: mawe yanabeba uzito wa njia, mizizi inapita kwenye nafasi zilizobaki. Mchanganyiko wa namna hiyo uliendelezwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1990, na jiji la Stockholm lina utaratibu wake wa mawe makubwa ambao wameuboresha kwa kuongeza makaa yaliyosagwa. Ni kazi ya gharama, lakini inafanywa mara moja. Kupanda mti uleule shimo lilelile kila baada ya miaka saba nayo ni gharama.

Je, mizizi itapasua ukuta na mabomba yangu?

Mzizi hufuata unyevu na hewa. Bomba zima lisilovuja haliuvutii. Bomba lenye ufa linatoa unyevu, mzizi mwembamba kama uzi unaingia, unanenepa, na ufa unapanuka. Kwa hiyo bomba bovu lirekebishwe kwanza. Njia za zege hupasuka kwa sababu nyingine: chini ya zege udongo umeshindiliwa mno, na nafasi pekee yenye hewa ni ule mwanya mdogo kati ya zege na udongo. Mzizi unapita hapo, unanenepa, unainua. Ukiupa udongo uliolegea kando, hautalazimika kupita pale.

Hata hivyo kuna jamii ambazo sizipandi karibu na jengo, na ya kwanza ni mikuyu na ndugu zake wote. Ni miti ninayoipenda sana, lakini mahali pake ni kwenye uwanja mpana.

Nitajie mti bora wa kando ya barabara.

Siwezi, na anayekutajia mmoja bila kuona barabara yako amekubahatishia. Ninaloweza kukuambia ni sifa za kutafuta: shina moja lililonyooka, matawi yanayoungana na shina kwa pembe pana, matunda yasiyoangukia magari na watu, uvumilivu wa ukame na vumbi, na umbo unaoweza kupogolewa chini ili basi lipite.

Hiyo ya pembe ya matawi isipuuzwe. Mwaka 1963 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa mpeasi wa mapambo ulioitwa "Bradford". Ulichanua mweupe kama pamba, ulikua haraka, haukusumbuliwa na wadudu, na vitongoji vizima vikaupanda. Matawi yake yalikuwa yamebanana, yakipanda kwa pembe nyembamba kutoka karibu sehemu moja. Ulipofika miaka kumi na tano, ishirini, upepo ukaanza kuupasua katikati. Tena ulidhaniwa hauzai, lakini ulipopandwa karibu na ndugu zake wa aina nyingine, ukazaa, ndege wakabeba mbegu, na leo unavamia mashamba na kingo za misitu. Jimbo la Ohio lilipiga marufuku kuuuza mwaka 2023, South Carolina ikafuata 2024. Mti uliosifiwa na kila mtu kwa sababu ya wiki mbili za maua.

Mtaa wote ukiwa na mti wa aina moja unapendeza. Kuna ubaya gani?

Unapendeza kweli, sikatai. Ukitembea chini ya miti inayofanana pande zote mbili, matawi yamekutana juu, unajisikia uko ndani ya jengo. Shida ni kwamba ugonjwa ukipata mmoja umepata wote.

Miji ya Marekani ilikuwa na mitaa ya namna hiyo ya miti ya elmu. Ugonjwa wa kuvu unaobebwa na wadudu wa gome uliingia nchini humo mwaka 1930 na kuiangamiza mtaa baada ya mtaa. Katika miji mingi pengo likazibwa kwa mti wa ashi, mgumu na unaokua haraka. Mwaka 2002 mbawakawa mdogo wa kijani kutoka Asia akatambuliwa karibu na Detroit. Viluwiluwi vyake hula chini ya gome na kukata njia ya maji na chakula. Ameshaua miti ya ashi kwa makumi ya mamilioni. Mitaa ileile ikabaki wazi mara ya pili, kwa kosa lilelile.

Mwanasayansi Frank Santamour alipendekeza mwaka 1990 kanuni ambayo wengi bado wanaitumia: katika miti yote ya mji, spishi moja (aina moja ya mti) isizidi asilimia 10, jenasi moja (kundi la spishi za karibu) isizidi 20, familia moja (kundi la jenasi zenye undugu) isizidi 30. Kwangu ni mahali pa kuanzia tu, maana mbawakawa fulani hula miti ya familia nyingi. Lakini hata hiyo 10 miji mingi haijaifikia.

Na uzuri haupotei. Jicho linatambua umbo, kimo na nafasi kati ya mti na mti kabla halijatambua aina. Chagua aina nne au tano zenye mwavuli unaofanana na majani ya ukubwa unaokaribiana, zipande kwa nafasi sawa, na mpita njia ataona mstari mmoja.

Nipande miti ya asili tu?

Napendelea ya asili, kwa sababu ndege, nyuki na vipepeo wa mahali wameizoea, na kuna wadudu ambao viwavi wao hula majani ya mmea mmoja au miwili tu. Lakini kumbuka kwamba ukanda wa udongo kati ya lami na ukuta sio mazingira ya asili ya mti wowote. Una joto zaidi, ukavu zaidi, chokaa zaidi. Mti wa bondeni unaozaliwa kilomita mbili kutoka hapo unaweza kushindwa, na mti wa miambani wa mbali ukashamiri.

Ninachokiogopa ni mmea vamizi. Mvuti (Lantana camara) ulipelekwa nchi nyingi kama ua la bustani, ndege wakala vitunda vyake, na sasa umeziba malisho na misitu katika mabara kadhaa. Jakaranda ya Amerika Kusini, inayoupa mji wa Pretoria jina lake la utani, inahesabiwa kwenye sheria za Afrika Kusini kuwa mti vamizi, ingawa mikubwa ya mitaani imeachwa. Kabla hujapanda mgeni, uliza kama mbegu zake zinabebwa na ndege au upepo na kama umeshatajwa kuwa vamizi penye hali ya hewa kama yako.

Na unaponunua, taja jina la kisayansi. Majina yetu ya Kiswahili ni mazuri lakini yanahamahama: kuna wanaoita mkrismasi ule unaowaka maua mekundu, na wengine kwa jina hilohilo wanawaza jamii ya misonobari. Nimeshaona miche ikirudishwa gari zima kwa kosa hilo.

Nifanyeje ili bustani ipendeze, isionekane kama mimea imerundikwa?

Punguza aina na ongeza idadi ya kila aina. Anayeanza hununua mmoja wa kila kinachovutia, na bustani inakuwa kama dirisha la duka. Chukua aina sita, upande kila moja kwa kundi la tano au tisa, kisha rudia kundi hilo mbele kidogo. Jicho linapokutana na kitu lilichokiona nyuma, linatulia.

Panga kwa tabaka. Juu miti, katikati vichaka, chini mimea inayotambaa na kufunika udongo. Tabaka la chini ndilo linalosahaulika, na likikosekana magugu hulichukua bure. Mimea ikigusana, kivuli chake chenyewe kinazuia magugu na udongo haukauki upesi.

Halafu jifunze kuona bila rangi. Piga picha ya mahali pako, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama kila kitu kimeyeyuka kuwa kijivu kimoja, huna tofauti za umbo na majani, na maua yakiisha hutabaki na kitu. Jani pana la mgomba wa mapambo kando ya nyasi nyembamba, mshubiri mgumu wenye ncha mbele ya kichaka laini: hivyo vinasomeka mwaka mzima. Mholanzi Piet Oudolf, aliyepanga upandaji wa Lurie Garden kule Chicago na wa High Line mjini New York, bustani iliyo juu ya reli ya zamani na iliyofunguliwa mwaka 2009, huchagua mmea kwanza kwa umbo lake hata ukiwa umekauka. Masuke na vichwa vya mbegu vinaachwa visimame. Wapo wanaoona ni uchafu. Mimi naona ni bustani inayoruhusiwa kuzeeka, na ndege wanapata mbegu.

Zingatia pia mwendo wa mtu. Bustani inayoonwa kutoka kwenye gari inahitaji makundi makubwa na rangi chache. Inayoonwa na mtu aliyekaa kwenye benchi inaweza kuwa na jani lenye manyoya, harufu, ua dogo la kuinamia.

Vichaka si vitaficha wahalifu?

Vikipangwa vibaya, ndiyo. Kando ya njia na kwenye kona weka vichaka visivyopita sentimita 60 na miti iliyopogolewa matawi ya chini hadi mita 2 au zaidi kidogo. Katikati hapo macho yanapita bila kizuizi. Na usipande mti mbele ya taa ya barabarani, kisha ukashangaa njia ni giza.

Vipi kuhusu mimea yenye sumu na miiba?

Shuleni na viwanja vya watoto, usipande oleanda, ambayo kila sehemu yake ni sumu, wala mbarika, ambao mbegu zake ni hatari sana na zinavutia mtoto kuzichezea. Bugenvilia ni nzuri juu ya ukuta, mbaya kando ya njia nyembamba.

Kivuli kinapunguza joto kweli?

Kwa kipimo cha mkono tu, gusa lami iliyo juani kisha ile iliyo chini ya mti. Lami au ukuta ulio kivulini unaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko ule usio na kivuli wakati wa jua kali. Zaidi ya kivuli, majani hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo unaondoka na joto. Ndiyo maana mti wenye kiu hupoza kidogo.

Mti mmoja upande wa magharibi wa jengo una faida kuliko mitatu iliyopangwa kwa urembo langoni, kwa kuwa jua la alasiri hupiga ukuta kwa pembe ya chini baada ya mchana mzima wa joto. Kwa mji mzima, mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alipendekeza mwaka 2021 kipimo rahisi kukumbuka: kila mtu aone miti 3 akiwa nyumbani kwake, kila mtaa uwe na asilimia 30 ya kivuli cha miti, na bustani ya umma isizidi mita 300 kutoka mlangoni.

Niweke nyasi?

Weka pale watu watakapokaa au kucheza. Penye mteremko, chini ya mti na kwenye vipande vyembamba kando ya ukuta, mimea inayofunika udongo itakutumikia vizuri zaidi kwa maji kidogo.

Maji ya mvua yanatuama uani. Mimea inaweza kusaidia?

Inaweza. Chimba bonde la kina cha sentimita 10 hadi 20, mbali na msingi wa nyumba, elekeza maji ya paa huko, na upande mimea inayovumilia hali zote mbili, maji leo na ukavu wiki ijayo. Maji yaishe ndani ya siku moja au mbili, ili mbu wasipate muda wa kukua. Fanya kwanza lile jaribio la shimo. Udongo usiopitisha maji utakupa dimbwi.

Roshani na paa je?

Uliza mhandisi kuhusu uzito kabla ya kuuliza lolote kuhusu maua. Lita moja ya udongo wa kawaida uliolowa hufika karibu kilo moja na nusu, kwa hiyo chungu cha lita 100 ni kama watu wazima wawili wamesimama hapo usiku na mchana. Upepo wa juu hukausha vibaya, basi chagua majani madogo, manene au yenye manyoya.

Nilipanda vizuri, nikamwagilia, bado mti unadhoofika. Kwa nini?

Niliwahi kuitwa kuangalia mti uliopandwa kwenye maegesho ya magari miaka saba kabla. Majani madogo, ya manjano, vilele vimekauka. Mwenye eneo alishanunua dawa mbili. Nikapiga magoti nikaanza kufukua kwa vidole. Shina lilizama wima kama nguzo, halitanuki popote, na mti wenye afya hutanuka pale unapoingia ardhini. Sentimita 10, bado. Sentimita 20, kidole kikagusa kitu laini. Kiriba. Ile plastiki nyeusi ya kitaluni ilikuwa bado imekaza, na ndani yake mzizi mnene kama kidole gumba ulikuwa umelizunguka shina na kulibana hadi gome limebonyea. Mti ulikuwa unajinyonga polepole tangu siku ya kwanza. Nilishika plastiki ile mkononi na nikaumia, kwa sababu kuitoa siku ile ya kupanda kungechukua sekunde kumi.

Basi toa kiriba chote. Mizizi iliyojizungusha ichambue kwa vidole au uikate. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Pale shina linapotanuka pabaki juu ya ardhi, paonekane. Tandaza matandazo (nyasi kavu au vipande vya mbao) unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiyaacha mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Nimwagilie hadi lini, na nipogoe lini?

Miaka miwili ya kwanza, mitatu penye ukame. Maji mengi mara chache ni bora kuliko kunyunyiza kila jioni, kwa kuwa maji ya juu juu huzuia mizizi isiteremke. Ingiza kidole: pakiwa pakavu hadi kifundo cha pili, mwagilia.

Kupogoa kuanze mti ukiwa mdogo, jeraha likiwa la ukubwa wa sarafu. Ondoa matawi yanayosuguana na yale yanayoshindana na shina kuu, ukikata nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoanzia. Usikubali mtu aje na msumeno akate kilele chote "ili mti usiwe mrefu". Vichipukizi vinavyoota juu ya kisiki hicho huwa vingi, virefu, vimeshikwa na gome tu, na ndivyo vitakavyoanguka. Kama ulifunga mche kwenye kigingi, rudi baada ya mwaka ukate kamba, na uiangalie hata kabla ya hapo, maana shina linanenepa na kamba haitanuki.